Kalsiamu ya Bibi

*Neema:* Shikamooni. Majibu ya Bibi: kalsiamu ya damu 2.82 mmol/L, kikomo cha juu cha kawaida hapo maabara ni 2.55. Albumini (protini ya damu inayobeba kalsiamu) na figo sawa. Analalamika choo kigumu, kiu, na haja ndogo usiku.

*Shangazi (famasi):* Marahaba. Albumini ikiwa sawa, namba hiyo ni ya kweli. Tuma picha ya kila boksi, hata vitamini na vya kiungulia. Hivyo ndivyo watu husahau kutaja.

*Neema:* 📷📷📷 Losatani H 50/12.5 ya presha. Vya kutafuna vya kiungulia, 6 kwa siku. Vitamini D ya yuniti 50,000 kila asubuhi.

*Shangazi (famasi):* KILA ASUBUHI? Hiyo 50,000 kwa kawaida ni ya mara moja kwa wiki! Asimeze tena, na vya kiungulia aache leo: kidonge cha 500 mg cha kalsiamu kaboneti kina kalsiamu yenyewe 200 mg, kwa hiyo anapata 1,200 mg juu ya chakula. Halafu hiyo H ni haidroklorothiazaidi, inazuia figo kutoa kalsiamu kwenye mkojo. Vitatu kwa pamoja, lazima ipande.

*Neema:* Na ya presha aache?

*Shangazi (famasi):* Hapana, presha itaruka. Mpigie daktari leo hii, aamue kama ampe losatani isiyo na H. Anatumia digoksini, ile dawa ya moyo?

*Neema:* Hapana.

*Shangazi (famasi):* Afadhali. Kalsiamu ikiwa juu, digoksini huvuruga mapigo ya moyo.

*Mjomba (maabara):* Kipimo kirudiwe, mpira wa kufunga mkono wakati wa kutoa damu usikae zaidi ya dakika moja, ukikaza sana kalsiamu inaonekana juu kuliko ilivyo. Ombeni kipimo cha PTH (homoni ya tezi za parathiroidi, inayopandisha kalsiamu) na cha vitamini D kwa pamoja. PTH ikiwa chini, vitamini na vya kiungulia ndivyo vya kushuku kwanza. Ikiwa juu, au hata ya kawaida, tezi za parathiroidi shingoni zichunguzwe. Dawa yenye H huweza kufichua ugonjwa wa tezi uliokuwepo kimya.

*Mama Salma:* Litiamu, ile dawa ya magonjwa ya akili, je? Kuna jirani anaitumia.

*Mjomba (maabara):* Nayo hupandisha, kupitia tezi hizo hizo, na PTH haishuki. Asiiache mwenyewe, amwombe daktari wake kipimo cha kalsiamu.

*Shangazi (famasi):* Neema, maji anywe vizuri, moyo wake hauna shida. Vitamini D hujificha kwenye mafuta ya mwili, kalsiamu inaweza kuchukua wiki hadi miezi kutulia. Akitapika, akichanganyikiwa au akisinzia ovyo, hospitali hapo hapo, na maboksi yote mkononi.

*Neema:* Sawa Shangazi. Nampigia daktari sasa.