Picha yangu imeibwa, inatangaza safari za watu: nianzie wapi?

TangaNyeupe

Wakuu, habari za kazi.

Picha ni ya ngalawa ikiingia ufukweni Bagamoyo alfajiri. Niliiweka Instagram ikiwa na jina langu kona ya chini kulia. Sasa iko sehemu mbili: ukurasa wa mbele wa tovuti ya kampuni inayouza safari, na akaunti moja ya Instagram inayotangaza safari hizo hizo kwa namba tofauti. Kote jina halipo. Kwenye tovuti upande wa chini umekatwa. Kwenye Instagram wamelifuta kwa programu, ukiikuza unaona mawimbi ya ile kona yamevurugika kama uji.

Sijaisajili popote. Faili la RAW, lile ghafi kama lilivyotoka kwenye kamera, ninalo. Je, bila usajili nina haki? Nianze na nani? Na nikitaka kulipwa, si kuondolewa tu, nafanyaje? Bado sijawaandikia.

FremuKamili

Mkuu, hapo kwenye "bado sijawaandikia" umefanya la maana. Usiwaandikie leo. Ukitanguliza ujumbe wa hasira wataifuta ndani ya dakika tano na ushahidi utaondoka nayo.

Haki unayo. Hakimiliki huanza picha inapopigwa. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne tangu 1994, na mkataba huo hauruhusu usajili kuwa sharti la ulinzi. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania Bara, kunakuongezea karatasi ya kuonyesha, basi. Walio Zanzibar wana COSOZA na sheria yao wenyewe, wasichanganye.

Sasa ushahidi. Tumia kompyuta, si simu. Fungua ukurasa wa tovuti, piga skrinshoti ambayo anwani inaonekana juu, na saa na tarehe ya kompyuta chini. Hifadhi ukurasa huo huo kama PDF. Kisha nenda web.archive.org/save, bandika anwani, subiri ikupe nakala. Nakala hiyo ina uzito kuliko skrinshoti yako kwa sababu iko mikononi mwa mtu wa tatu, huwezi kushutumiwa kuichezea.

Bado hujamaliza. Bonyeza picha yenyewe kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ifungue kwenye kichupo kipya, usome anwani ya faili taratibu. Tovuti nyingi ndogo zimejengwa kwa WordPress, na WordPress hupanga picha kwa mwaka na mwezi zilipopandishwa. Ukiona wp-content/uploads/2023/06, faili liliingia Juni 2023. Hapo una tarehe ya kuanzia kuhesabu matumizi bila kumuuliza mtu. Na jina la faili likiishia na kitu kama -1024x683.jpg, hiyo ni nakala iliyopunguzwa. Futa -1024x683 kwenye anwani, bonyeza Enter, mara nyingi utafunguka ukubwa waliopandisha wao. Lipakue hilo, litunze bila kulibadilisha jina.

Instagram ni tofauti, ile hifadhi ya web.archive.org mara nyingi haiishiki. Rekodi skrini kwa video: anzia kwenye wasifu wa akaunti, ingia kwenye posti, teremka mpaka maelezo yenye bei ya safari na namba ya simu yaonekane. Kama ni stori, harakisha, inadumu saa 24 tu.

Upande wako, weka pembeni RAW ya picha hiyo pamoja na fremu tano za kabla na tano za baada. Mwizi anaweza kuwa na picha moja. Hawezi kuwa na mfululizo wa ngalawa inayosogea, wala ile sehemu ya kushoto uliyoikata kabla ya kuiweka mtandaoni.

SevaYetu

Naongezea upande wa kuziondoa, na kuzitafuta zilizobaki, maana zikipatikana mbili mara nyingi zipo sita.

Tafuta kwa TinEye, Google Lens na Yandex, huduma za kutafuta kwa kutumia picha, zote tatu, kila moja inaona isivyoona nyingine. Tafuta kwa picha kamili, halafu kwa ile iliyokatwa, halafu uigeuze kama inavyoonekana kwenye kioo uitafute tena. Kugeuza ni mbinu ya zamani ya kukwepa utafutaji. TinEye ina mpangilio wa kuanzia ya zamani zaidi, ila tarehe unayoiona ni siku mfumo wao ulipoikuta, si siku ilipowekwa. Usiiandike kwenye barua kama ndiyo siku ya wizi.

Ile akaunti ya Instagram haina sura, kwa hiyo usihangaike nayo kwa maneno, peleka notisi kwa Instagram, yaani ombi rasmi la kuiondoa picha. Instagram yenyewe ni ya kampuni ya Marekani na inafuata DMCA, sheria yao ya 1998 ya hakimiliki mtandaoni. Usitumie ile "ripoti" ya nukta tatu ukachagua spam, hiyo haifiki popote. Ingia kituo cha msaada, tafuta fomu ya hakimiliki, na usiichanganye na ya alama ya biashara. Notisi kamili ina vitu sita: utambulisho wa picha yako, kiungo cha posti yenye nakala, mawasiliano yako, kauli kwamba kwa nia njema unaamini matumizi hayana ruhusa, kauli kwamba uliyoandika ni sahihi na kwamba, chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, wewe ni mwenye haki au umeidhinishwa naye, na sahihi. Kuandika jina lako kamili kunatosha kama sahihi.

Zinazokataliwa nyingi zina makosa yale yale. Mtu anaweka kiungo cha akaunti badala ya kiungo cha posti. Cha posti kina /p/ au /reel/ ndani yake. Posti ina picha nane na hakusema yake ni ya ngapi. Au jina kwenye fomu halifanani na jina la akaunti yenye picha halisi na hakueleza uhusiano wake.

Jambo moja wengi hawaambiwi: jina na barua pepe yako vinaweza kupelekwa kwa unayemlalamikia. Tumia barua pepe ya kazi, si ile ya familia na benki. Notisi za Google hupelekwa pia kwenye hifadhi ya wazi iitwayo Lumen.

Naye anaweza kujibu kwa notisi ya kupinga. Akifanya hivyo, picha hurudishwa kati ya siku 10 na 14 za kazi, isipokuwa ukionyesha umefungua kesi. Kwa hiyo usipeleke notisi kwa picha ambayo huna uhakika nayo. Kudanganya kwenye notisi kunaweza kukugeuzia dai la fidia.

Tovuti ikikataa, unamfuata anayeihifadhi. Angalia WHOIS, orodha ya usajili wa majina ya tovuti, na seva za majina zilizoandikwa humo. Ukikuta Cloudflare, huyo si mhifadhi, ni pazia. Jaza fomu yao ya malalamiko, wataipeleka kwa mhifadhi halisi. Na tovuti ikiwa ya .co.tz usiwaandikie wasajili wa majina kuhusu picha, kwao hakuna picha. Kuiondoa kwenye Google kunaitoa kwenye matokeo ya utafutaji tu, ukurasa unabaki palepale.

MkaaDhowHouse

Naomba kuingiza langu hapo hapo, niko Mombasa. Nimelipwa kupiga picha za harusi, mpambaji ukumbi amezichukua kwa Facebook ya bibi harusi na kuzifanya tangazo. Nampelekea notisi?

HakiNaPicha

Ndugu wa Mombasa, kwanza fungua mkataba wako na hao maharusi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi iliyoagizwa na mtu asiye mwajiri wako huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Kama mkataba haukusema kitu, mwenye kudai ni maharusi. Ukipeleka notisi kwa jina lako unaapa jambo ambalo si kweli. Kuanzia harusi ijayo andika sentensi moja: hakimiliki inabaki kwa mpiga picha, maharusi wana ruhusa ya matumizi binafsi yasiyo ya biashara.

Maharusi wana njia nyingine pia. Kuwa ndani ya picha hakukupi hakimiliki, lakini sura ya mtu ni taarifa binafsi. Septemba 2023 Kamishna wa Data wa Kenya alitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Nawe TangaNyeupe, kama sura ya nahodha wa hiyo ngalawa inatambulika, kampuni ile haikukosa ruhusa yako tu, bali na ya nahodha.

Kwa tovuti inayohifadhiwa Kenya, marekebisho ya 2019 yalileta notisi ya kuondoa: iwe ya maandishi, iambatane na kiapo au tamko, nakala iende KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, na mtoa huduma ana saa 48 za kazi kuzuia maudhui hayo.

Sasa pesa. Kuondoa na kulipwa ni njia mbili, na mpangilio wake ni muhimu. Kwa kampuni yenye ofisi na leseni, anza na dai la malipo ushahidi ukishakamilika. Kwa akaunti isiyojulikana, anza na notisi. Barua ya dai isizidi ukurasa mmoja: nakala ndogo ya picha, anwani ya ukurasa, siku uliyoiona, tangu lini imetumika, bei, siku 14 za kujibu, akaunti ya malipo, na ankara yenye namba. Bei itoke kwenye orodha yako ya kawaida kwa matumizi ya aina hiyo: ukurasa wa mbele, biashara, miezi kadhaa. Ongeza kiasi kwa kutotaja jina, maana kutajwa ni haki ya kimaadili na iko kwenye sheria ya Tanzania ya 1999. Ukidai milioni 50 kwa picha unayoiuza laki mbili, wakili wao atacheka na barua haitajibiwa.

Andika wazi kwamba malipo ni ya matumizi yaliyopita tu. Usipoandika, watasema wameinunua.

Na tafadhali usiwaanike kwenye mtandao, wala usiandike "lipeni la sivyo nitawaanika". Sentensi hiyo inaweza kukugeuza wewe mtuhumiwa. Pia weka daftari la nani alipiga skrinshoti, kwa kifaa gani, saa ngapi. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya 2015 kinaitaka mahakama iangalie data ilivyozalishwa na kutunzwa, na utaulizwa hayo.

TangaNyeupe

Asanteni sana wakuu. Nimefuata ile ya WordPress. Folda ni 2023/06. Nilipofuta tarakimu limefunguka faili la 2400 kwa 1350, na ndani yake kwenye taarifa za EXIF, zile zinazofichwa ndani ya faili la picha, kuna jina langu kwenye sehemu ya hakimiliki. Huu si ushahidi tosha?

FremuKamili

Ni ushahidi mzuri sana, lakini simama kidogo. Instagram uliweka ya upana wa 1080, sivyo? Na Instagram hufuta EXIF. Faili la 2400 lenye jina lako ndani halikutoka Instagram. Limetoka kwenye faili ulilompa mtu wewe mwenyewe, kwa barua pepe au kwa WhatsApp kama dokumenti, maana likitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa na taarifa hufutwa.

Na 2400 kwa 1350 ni 16 kwa 9, umbo la bango la juu ya tovuti. Yawezekana hawakukata jina lako, walikata bahari ili picha ikae. Usiwatuhumu kufuta jina kabla hujajua.

Tafuta kwenye barua zako ulizotuma kabla ya Juni 2023: nani alipata faili la upana wa 2400? Hoteli, gazeti, bodi ya utalii, mteja? Ulimpa ruhusa ya nini, kwa maandishi au kwa mdomo? Kama alikuwa na ruhusa yake mwenyewe tu akawapa hawa, bado unawadai, lakini barua inaandikwa vingine. Kama ulimwandikia "tumieni mnavyotaka", itabidi dai la tovuti uliache.

Ile ya Instagram yenye mawimbi ya uji haiguswi na haya. Notisi yake ipeleke leo.

TangaNyeupe

Nimeipata. Machi 2023, nyumba ya wageni, faili la 2400 kwa 1600. Ruhusa yangu inasema "kwa tovuti yenu na vipeperushi vyenu".

HakiNaPicha

"Yenu" ndiyo neno unalolihitaji. Ambatanisha barua pepe hiyo kama kielelezo cha kwanza, ikiwa na vichwa vyake vyote vya tarehe na anwani, si skrinshoti yake. Waandikie kampuni ya safari uwaombe kwanza waonyeshe ruhusa waliyoipata na kutoka kwa nani, uwape siku 7. Ankara iandae sasa, tarehe uiache wazi.