Alamu ya nyumbani inapiga pii pii, taa ya njano haizimi

Wadau, umeme ukikatika tu kipedi (kile kidude cha namba ukutani) inaanza pii pii, ukirudi bado inapiga na taa ya njano imewaka, watoto hawalali. Shida nini?

— Betri hiyo mkuu. Fungua lile boksi la chuma la alamu utaona betri ya volti 12, nyingi zikifika miaka 3 mpaka 5 zinachoka. Chomoa umeme uipime, ikishuka haraka chini ya 12 hamna kitu hapo.

— Soma kwanza kodi ya hitilafu kwenye kipedi, inaweza kuwa sensa ya mlango ndo imeishiwa betri. Na kabla hujafungua boksi wapigie kampuni ya ulinzi, la sivyo utaletewa gari la askari bure 😂

— Asanteni, nimefungua, betri imevimba mpaka imekwama.