Siwa ya Pate: ikae kiooni au ivuzwe?

Kitukuu wa Pate: Asalaam aleikum jamaa. Juzi nilimpeleka mwanangu Makumbusho ya Lamu kuiona siwa ya pembe, lile baragumu kubwa la kifalme lililochongwa kwa pembe ya ndovu. Alisogea mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo, akaniuliza, "Baba, inaliaje?" Sikuwa na jibu. Nina miaka 41, sijaisikia hata siku moja. Na kisa cha Mwana Darini, bibi wa ukoo wa kitawala wa Pate, mnakijua: alitaka kumtahiri mwanawe kwa heshima, akanyimwa siwa, ndipo akaagiza hii ichongwe. Ilizaliwa kwa ajili ya kunyimwa, leo tunanyimwa sisi. Itolewe, ivuzwe walau mara moja kwa mwaka, siku za Maulidi.

Mtunza Vyombo: Ndugu yangu, pembe ya ndovu si shaba. Unyevu wa pumzi ukiingia, kisha kaskazi ikaukausha, pembe hupasuka. Chombo kina miaka zaidi ya 300. Tena tusidanganyane, hata zamani hakikuvuzwa kwa kila mtu. Kilikuwa cha waungwana.

Binti Langoni: Hilo la "waungwana" nimelisoma mara mbili. Waungwana gani, shekhe? Majumba ya mawe mnayojivunia, waliochoma chokaa na kubeba matumbawe ni wazee wangu. Harusi zao zikaambiwa siwa si yao.

Mtunza Vyombo: Nimeeleza historia, sikumtukana mtu.

Binti Langoni: Historia hiyo mnaikumbuka mkitaka kutufungia mlango tu.

Ami wa Shela: Dada, punguza hamaki. Leo sote twakata tiketi moja.

Binti Langoni: Ami, wewe hukuambiwa mzalia, yaani kizazi cha watumwa, mbele ya watoto wako. Mimi nimeambiwa, na si zamani.

Wa Mto Tana: Mnagombania chombo mnachokifikia kwa miguu. Sisi Wapokomo, ngadji, ngoma yetu kuu, Waingereza waliitwaa mwaka 1902. Iko stoo ya British Museum, London. Walioipiga wote wamekwisha kuzikwa. Hata ikirudi kesho, itarudi kwa mikono isiyoijua.

Fundi wa Siyu: Na hapo ndipo penye uchungu. Siwa tunazo, mvuzaji yuko wapi? Ile siwa nyingine, ya shaba ya Lamu, haipasuki kwa pumzi. Makumbusho yamtafute mzee anayejua, yampe vijana watatu, yawalipe posho mpaka waive. Ya kujifunzia nitachonga mimi, ya mti wa mbambakofi, bila malipo.

Ami wa Shela: Hilo nalikubali.

Binti Langoni: Vijana hao watatu watatoka mtaa gani?

Fundi wa Siyu: Mmoja atoke kwako, binti yangu. Unaye mwenye pumzi?

Binti Langoni: Ninaye. Anapiga zumari tangu darasa la tano. Lakini kuomba haombi.