Nina shahada ya uhasibu, maombi matatu sijaitwa hata kwenye mchujo. Nakosea wapi?

Binti wa Kibaigwa:
Habari zenu ndugu zangu. Nina miaka 27, naishi Kibaigwa wilaya ya Kongwa, nilitoka kidato cha sita nikaenda moja kwa moja chuo kikuu, nimehitimu shahada ya uhasibu. Nimeshaomba kazi serikalini mara tatu kupitia Ajira Portal, ule mfumo wa maombi wa mtandaoni wa Sekretarieti ya Ajira, na mara zote tatu majina ya walioitwa usaili yametoka mimi simo.

Mara ya kwanza niliomba Mhasibu Daraja la II. Mara ya pili Afisa Hesabu Daraja la II. Mara ya tatu nikasema nishuke chini, nikaomba Mtendaji wa Kijiji, nikiamini mwenye shahada hawezi kukosa nafasi inayotaka elimu ya ngazi ya cheti.

Cheti changu cha shahada hakijatoka, kwa hiyo niliweka matokeo ya muda. Cha kidato cha nne ninacho lakini niliweka ile karatasi ya matokeo kwa sababu ndiyo niliyokuwa nimeiskani. Kuna jambo jingine linaninyima usingizi. Nimelelewa na babu mzaa mama, akaniandikisha shule kwa jina lake. Vyeti vyote vina jina la babu, kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa vina jina la baba.

Majirani wananiambia bila mtu wa kukushika mkono hupati. Sitaki kuamini hivyo. Sasa limetoka tena tangazo la Afisa Hesabu, zimebaki siku tisa. Naombeni ushauri.

Mhasibu Makulu:
Pole dada. Nianze na lile la kwanza kwa sababu mimi mwenyewe liliniumiza. Mhasibu Daraja la II na Afisa Hesabu Daraja la II ni kada mbili tofauti. Mhasibu anatakiwa awe na shahada NA awe na CPA, ile sifa ya kitaaluma inayotolewa na NBAA, bodi ya wahasibu. Afisa Hesabu anatakiwa shahada ya uhasibu au inayolingana nayo. Wewe huna CPA, kwa hiyo ombi la kwanza lisingepita hata ungekuwa na alama za juu kuliko wote chuoni. Nafasi yako ni Afisa Hesabu. CPA anza kujisajili taratibu, mitihani yao huwa Mei na Novemba.

Mama Kisasa:
Na hilo la Mtendaji wa Kijiji mdogo wangu, wengi wanaanguka hapo hapo. Tangazo linasema kidato cha nne au sita, pamoja na astashahada, yaani hiyo ngazi ya cheti, ya Utawala, Sheria, Elimu ya Jamii, Usimamizi wa Fedha, Maendeleo ya Jamii au Sayansi ya Sanaa, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Wewe umetoka kidato cha sita ukaenda moja kwa moja shahada. Astashahada huna. Anayechambua maombi anashika sifa zilizoandikwa na kuzilinganisha na vyeti vyako, basi. Hana ruhusa ya kusema "huyu ana kubwa zaidi, apite."

Mzee wa Masjala:
Binti, nimefanya kazi ya kumbukumbu za watumishi miaka mingi, nisikilize vizuri hapa kwenye vyeti.

Soma tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira, masharti ya jumla kule chini ambako vijana hawafiki. Matokeo ya muda hayakubaliwi. Hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliwi. Vinatakiwa vyeti vyenyewe, nakala zilizothibitishwa na wakili. Maombi yako yote matatu yalikuwa na karatasi zisizokubalika. Hata lile la Afisa Hesabu ambalo sifa unayo, ulijifungia mlango mwenyewe.

Usidhani ni ukali wa bure. Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi. Nilikuwa kazini wakati ule. Niliona watu wazima wakitoka ofisini wameshika viatu mkononi. Tangu hapo hakuna ofisa anayekubali kupokea karatasi ambayo si cheti, na mimi naona ni sawa, maana kila nafasi iliyokaliwa na cheti cha kughushi ilikuwa ya mtoto kama wewe.

Binti wa Kibaigwa:
Shikamoo mzee. Nimekuelewa, ila cheti cha shahada chuo hakijanipa. Nimepiga simu mara nyingi.

Mhasibu Makulu:
Usipige simu, nenda. Kagua kama kliarensi yako, ile fomu ya kuonyesha hudaiwi kitu na chuo, imekamilika. Saini moja ya maktaba au ya hosteli ikikosekana cheti kinakaa kabatini na hakuna atakayekutafuta. Rafiki yangu alikaa miezi saba hivyo.

Kijana wa Nkuhungu:
Samahani naingilia. Mimi nimesoma Uganda, shahada pia. Je, naomba kama kawaida?

Mama Kisasa:
Hapana kaka, shahada ya nje lazima kwanza itambuliwe na TCU, tume ya vyuo vikuu. Ya sekondari ni NECTA, baraza la mitihani, ya vyuo vya kati ni NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Anza mapema.

Mzee wa Masjala:
Turudi kwenye majina, maana hilo ndilo litakalomrudisha huyu binti mlangoni hata akiitwa usaili. Siku ya usaili unakwenda na vyeti halisi na kitambulisho, wanaviangalia kimoja kimoja. Majina yakitofautiana wanadai hati ya kubadili jina, ile inayoitwa didipoli. Kiapo cha kawaida cha mahakamani watu wengi wamekwenda nacho wakakwama. Wakili anakuandalia hati, kisha inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, upande wa Ardhi. Andika ndani yake kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, na jina utakalotumia liwe la NIDA, kwa kuwa akaunti ya portal imefunguliwa kwa namba ya NIDA. Ipakie pamoja na vyeti.

Mama Kisasa:
Na barua ya maombi usiisahau kuisaini. Ielekezwe kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira. Nimeona mtu mwenye kila kitu ameachwa kwa barua isiyo na saini.

Mhasibu Makulu:
Ukiitwa, mchujo ni wa kuandika, ukivuka ndiyo mahojiano. Rudia viwango vya uhasibu wa sekta ya umma na Sheria ya Fedha za Umma. Nauli, chakula na malazi ni juu yako, kwa hiyo anza kuweka akiba. Wanaofaulu wakakosa nafasi huwekwa kwenye kanzidata, wengine hupangiwa kituo baadaye bila usaili mwingine.

Mama Kisasa:
Malazi asiwaze. Nina dada yangu Ng'ong'ona, ni jirani na chuo kikuu. Atalala kwake, na usaili ukiwa hapo chuoni, asubuhi anakwenda kwa miguu.

Binti wa Kibaigwa:
Mungu awabariki sana. Nimerudi kuwapa taarifa. Leo nilikuwa chuoni, kweli saini ya maktaba haikuwepo, kitabu kimoja kilisomeka bado ninacho wakati nilishakirudisha. Tumelimaliza, nimeambiwa nifuate cheti Alhamisi. Wakili nimempata mjini, hati anaiandaa kesho, kisha naipeleka kusajiliwa. Tangazo linafungwa Jumatatu.

Jioni nimemweleza babu habari ya majina. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama ndiyo jina lake linafutwa. Nimemtolea cheti cha kidato cha nne nikamwonyesha lilipo, nikamwambia hapo halitoki. Akaomba nimsomee tena.