Mhimili A wa racheti haukai kwenye digrii niliyoagiza, mnasahihishaje?

jino72
Wakuu habari zenu. Nina meza ya kuzunguka kama mhimili wa 4, inaendeshwa na LinuxCNC (programu ya kuongoza mashine za CNC), ndani ina racheti (gurudumu la meno linalofungwa na ulimi) ya meno 72 kwa hiyo kila jino ni digrii 5. Mota inazungusha mbele, inapitiliza jino kidogo, ulimi unadondoka, halafu mota inarudi nyuma mpaka inabana kwenye ulimi. Ikishabana haitikisiki kabisa, hapo sina neno. Shida ni huko kurudi nyuma, nikiagiza A90, yaani digrii 90, enkoda (kihisi cha mzunguko wa mota) inasoma 88.6 hivi, kontrola inaona mhimili umeachwa nyuma inasimamisha kila kitu. Naweza kupanua FERROR (tofauti inayoruhusiwa kati ya amri na enkoda) iwe digrii 2 lakini roho inakataa. Halafu nikizungusha raundi nyingi namba zinazidi kuachana na meno. Nifanyeje?

chuma_laini
Roho yako iko sahihi mkuu, usiiguse FERROR. Ukiipanua hivo siku mota imekwama kweli hutajua mpaka kazi iharibike.

Kule kurudi nyuma kontrola haitakiwi kukuona kabisa. Chukua komponenti ya offset kwenye HAL (sehemu ya LinuxCNC ya kuunganisha ishara), ipitishe katikati ya joint.3.motor-pos-cmd (amri ya nafasi ya mota) na sevo, na enkoda nayo irudi kupitia hapo hapo. Ile kitu inajumlisha ofseti kwenye amri halafu inaitoa kwenye namba ya enkoda, kwa hiyo mota inarudi digrii moja na nusu ila kontrola inaendelea kusoma 90. Ofseti usiirushe ghafla, ipitishe kwenye limit2 (komponenti ya kupunguza kasi ya mabadiliko) ipande taratibu.

Mpangilio ndo muhimu. joint.3.unlock (kontrola inaomba mhimili ufunguliwe) ikizima ndo uanze kurudi nyuma, ikishabana ndo uzime is-unlocked (jibu kwamba umefunguka), kontrola itasubiri. Wakati wa kufungua kinyume chake, toa ofseti kwanza irudi sifuri, ulimi ukiwa huru ndo uwashe is-unlocked.

mzeewagia
Hiyo ya kuachana raundi kwa raundi ni hesabu, haihusiani na ulimi. Enkoda yako ni ya mistari ngapi na gia ni ngapi kwa moja?

jino72
Mistari 1000, gia 40 kwa 1. SCALE (hesabu za enkoda kwa digrii moja) nimeweka 444.44

mzeewagia
Ndo hapo. Mistari 1000, kila mmoja unahesabiwa mara nne, inatoa hesabu 4000, mara 40 ni 160000, gawa kwa 360 unapata 444.4444 isiyoisha. Ukikatia kwenye 444.44 unapoteza hesabu 1.6 kila raundi, inaonekana ndogo lakini racheti inazunguka upande mmoja tu kwa hiyo hakuna siku inajirudishia. Raundi 100 ni digrii 0.36, na kwenye kazi ya nusu kipenyo mm 100 hiyo ni zaidi ya mm 0.6, tundu limeshahama. Andika desimali nyingi uwezavyo.

jino72
Nimebadilisha SCALE na kuweka offset, alamu zimekata. Sasa naona ikishabana bado kuna tofauti ya 0.1 hivi, inabadilika jino kwa jino. Niifute kila ikifunga?

chuma_laini
Unaweza, maana ikishabana jino ndo ukweli, enkoda iko kwenye mota inabeba na ulegevu wa gia. Tafuta jino la karibu, tofauti iingize kwenye ofseti. Ila weka mpaka, tuseme digrii 1, ikizidi hapo mashine isimame. Bila huo mpaka siku ulimi ukiangukia jino la pembeni utakuwa umeifundisha kontrola uongo wa digrii 5 na itaendelea kukata kwa raha zake.

mzeewagia
Na kabla ya kufuta chochote weka daili geji (kipimo cha sindano) kwenye meza, funga fungua jino lile lile mara kadhaa. Sindano ikirudi palepale, racheti nzima. Ikicheza, fungua usafishe, chembe ya chuma ikikaa chini ya ulimi hakuna programu itakayoiona.

jino72
Sindano inarudi palepale isipokuwa jino la digrii 215, nafungua kifuniko sasa hivi.