Mtoto ana ADHD, nimkatie sukari kabisa?

mama_wawili: Habari zenu wapendwa. Mwanangu yuko darasa la pili, daktari kasema ana ADHD, yaani lile tatizo la kukosa umakini na kutotulia, kamwanzishia dawa ya methilfenideti asubuhi. Darasani anatulia kiasi ila mchana hali kabisa, kontena la chakula linarudi vilevile, chapati na yai havijaguswa, halafu usiku wakati wa kulala ndo njaa inamshika. Bibi yake anasema shida yote ni sukari, nimkatie na dawa niache. Aliyepitia hili anisaidie jamani nimechoka

nesi_mwanza: Pole sana mama. Dawa usiiache kabla hujaongea na daktari wake tafadhali. Hilo la sukari lilishapimwa, 1994 huko Marekani walibadilishia watoto chakula, mara chenye sukari mara chenye vitamu vingine, wazazi na watoto hawajui kipi ni kipi, tabia zikabaki zilezile. Mpunguzie kwa ajili ya meno, sawa, ila ADHD haitokani na sukari. Kukosa hamu mchana ni dawa hiyo. Mshibishe KABLA ya kumeza kidonge, uji wa ulezi wenye maziwa na karanga za kusaga, mayai, parachichi. Mchana usimlazimishe. Jioni dawa ikiisha nguvu mpe msosi kamili. Na kila kliniki apimwe uzito na urefu

baba_k: Mimi naogopa rangi kuliko sukari. 2007 Southampton Uingereza waliwapa watoto wa kawaida tu, wa miaka 3 na wa 8-9, vinywaji vyenye rangi za viwandani na benzoeti ya sodiamu (ya kuzuia kinywaji kisiharibike), baadhi wakazidi utundu. Tangu 2010 Ulaya chakula chenye yoyote kati ya rangi sita walizozipima lazima kiwe na onyo. Geuza paketi ya juisi ya unga usome, ukiona namba za rangi hizo kama E102, E110, E122 rudisha dukani. Haitamponya ila hapotezi kitu

shangazi_dee: Muombe daktari apime na akiba ya madini ya chuma, watoto wengine wa ADHD ipo chini. Dagaa, maharage, mchicha, kamulia ndimu, chai asinywee na chakula maana inazuia chuma. Vidonge vya chuma usinunue mwenyewe

mama_wawili: Asanteni mno. Nimegeuza ile paketi, E102 na E110 zote zipo 😔 Nesi, akila saa mbili usiku si atachelewa kulala?

nesi_mwanza: Mpe saa moja basi, na kabla ya kulala kikombe cha maziwa na ndizi. Akilala na njaa ndo hatalala