Kila mahafali tunaambiwa "udahili umeongezeka". Walioingia wangapi wamemaliza? Hapo kimya

Wakuu salaam. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na zile za ajira, hili ni jambo jingine kabisa.

Niko mwaka wa nne, uhandisi mitambo, kwenye chuo kimoja cha serikali kilichoanza kama chuo cha ufundi na leo kinatoa shahada. Jina silitaji. Bado sijatetea projekti yangu na sina hamu ya kuitwa ofisini kuulizwa "ni wewe uliyeandika?"

Kinachoniudhi ni hiki. Kila mahafali, kila kikao na wazazi, kila mgeni akija na msafara, hotuba ni ileile: udahili umepanda, kozi zimeongezeka, zamani tulikuwa mamia sasa tuko maelfu. Makofi, vigelegele, na bango jipya getini lenye mabinti wawili waliovaa helmeti. Sijawahi kumsikia mtu akisimama na kusema: tuliowapokea miaka minne iliyopita walikuwa kadhaa, leo tunawavisha joho kadhaa, hawa wengine wako wapi? Namba hizo mbili hazijawahi kutajwa siku moja.

Na msidhani hazipo. Namba ya usajili ya kila mwanafunzi imebeba mwaka alioingia. Mfumo wa matokeo unajua nani kabeba somo alilofeli kwenda mwaka unaofuata, nani kaahirisha mwaka, nani kadisko, yaani kaondolewa kwa kufeli. Kijana mmoja wa TEHAMA akikaa asubuhi, saa saba mchana ameshatoa jedwali la kila kozi. Halitolewi kwa sababu hakuna mwenye hamu ya kuliona.

Badala yake tunapewa "asilimia ya ufaulu". Hapa ndipo tunapopigwa changa la macho. Ufaulu unapigiwa hesabu kwa waliokaa kwenye mtihani. Aliyedisko mwaka wa kwanza hayumo kwenye hesabu za mwaka wa pili. Aliyeahirisha hayumo. Aliyezuiwa mlangoni kwa kudaiwa ada hayumo. Ukifika mwaka wa nne umebaki na watu waliochekechwa mara tatu, wasipofaulu hao atafaulu nani? Halafu ripoti inaandikwa kwamba taaluma imepanda!

Kundi letu la WhatsApp lilifunguliwa wiki ya kwanza tu tulipofika. Ukiingia leo kwenye orodha ya majina utakuta watu ambao hawajakanyaga chuoni tangu mwaka wa kwanza. Mmoja anauza kava za simu Kariakoo. Mwingine yuko kwao, kila matokeo yakitoka ndiye wa kwanza kuandika "hongereni wahandisi wangu". Admin anaona aibu kuwatoa. Wao ndio takwimu ambazo chuo hakina.

Sasa twende karakana, maana huko ndiko kwenyewe.

Karakana yetu ya mashine ilijengwa kwa ajili ya madarasa ya mafundi sanifu, enzi za FTC, cheti kamili cha fundi sanifu. Wazee mliosoma FTC humu mnajua mlivyofundishwa: mtu na mashine yake, tupa ya kusugulia chuma mkononi mpaka malengelenge. Leo darasa linakatwa makundi, na kundi likiingia linakuta mashine za kukerezea zinazofanya kazi ni chache kuliko vidole vya mkono mmoja. Zilizobaki zimefunikwa turubai, zina karatasi imeandikwa MBOVU kwa kalamu nene, na vumbi limeshagandana na grisi. Fundi wa karakana anafunga kipande cha chuma, anawasha, anaonyesha namna ya kusogeza kisu. Sisi tumesimama safu tatu. Safu ya kwanza inaona. Ya pili inaona visogo vya ya kwanza. Ya tatu imenyanyua simu juu irekodi, itaangalia hosteli usiku.

Kisha kila mmoja anatakiwa kuandika ripoti: "nilikereza kipande chenye kipenyo cha milimita kadhaa". Nani alikereza? Tunadesa ripoti za mwaka uliotutangulia, na wao walidesa za waliowatangulia, mpaka vipimo vya kile kipande ni vilevile na makosa ya kupima ni yaleyale. Kuna jamaa alikabidhi yake ikiwa na tarehe ya mwaka jana na akapewa alama zake vizuri. Mhadhiri anajua. Ana rundo la ripoti linalomfika kifuani, mnataka afanye nini? Mimi simlaumu yeye. Mzee aliyekuwa akizifufua zile mashine kwa vipuri vya kuchonga mwenyewe amestaafu na nafasi yake haijajazwa, huyo naye simlaumu.

Namlaumu aliyeongeza idadi ya wanafunzi bila kuongeza mashine. Fungueni kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU (tume ya vyuo vikuu), kila kozi imeandikiwa uwezo wake wa kudahili. Nataka mtu mmoja aniambie ile namba kwetu inapatikana kwa kuhesabu nini. Kama ni viti vya ukumbi wa mihadhara, sawa, Hisabati ya mwaka wa kwanza mnaweza kuwasomesha mia tatu kwa kipaza sauti. Mashine ya kukerezea haina kipaza sauti.

Na msiniambie tuliwashtukiza. Mimi ni zao la elimu bila ada. Tulioingia kidato cha kwanza Januari 2016 ndio tuliomaliza kidato cha sita 2022 na kuingia vyuoni mwaka huohuo. Kuanzia siku ile ya kwanza sekondari kila mwenye kalenda alijua tunakuja, na tunakuja wengi. Miaka sita na zaidi! Juni 2023 hotuba ya bajeti ikaja na pendekezo la kufuta ada kwa wanaochaguliwa kujiunga na ufundi DIT (Dar es Salaam), MUST (Mbeya) na Chuo cha Ufundi Arusha, na mwaka huo wa masomo Bodi ya Mikopo ikaanza kuwakopesha wa diploma kwenye fani za kipaumbele. Nayaunga mkono yote mawili kwa asilimia mia, mdogo wangu ananufaika. Ila ukifungua mlango mpana hivyo, ndani kuwe na pa kukaa. Kuna mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, dola milioni 425 za Benki ya Dunia tangu 2021, na vyuo vingi vimeota majengo. Majengo nimeyaona. Ndani ya jengo ndiko ninakouliza.

Kuna jambo lingine hawalizungumzi kabisa. Kwenye uhandisi tunaingia kwa milango miwili. Kuna wa kidato cha sita, PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati), hesabu inapanda lakini hajawahi kushika tupa wala bisibisi ya maana. Na kuna wa diploma, mikono yake imeshakomaa, mchoro anausoma kama gazeti, ila Hisabati ya mwaka wa kwanza inamtoa jasho. Wanachanganywa darasa moja wiki ya kwanza, kila mmoja apambane na hali yake. Wa kidato cha sita anafia kwenye uchoraji wa kihandisi, wa diploma anafia kwenye hesabu. Kila mwaka, masomo yaleyale. Mkuu wa idara akitaka anaweza kukutajia kabla mtihani haujatungwa nani atakula sapu (mtihani wa marudio) wapi. Mngewapa hata wiki tatu za kujiandaa kabla ya muhula, hawa karakana na wale hesabu. Hakuna. Kuna sapu tu, na sapu hata upate tisini unaandikiwa C, GPA yako (wastani wa alama) inakaa na hilo kovu mpaka siku ya kutafuta ajira.

Bumu nalo, ile hela ya kujikimu ya mkopo. Limepanda kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku, tunashukuru. Lakini Bodi inasubiri matokeo ya anayeendelea ndipo imlipe, na matokeo yanasubiri msahihishaji mwenye madarasa manne makubwa. Yakichelewa kupanda kwenye mfumo, anayelala na chai kavu ni mwanafunzi. Hilo tumelizoea kiasi kwamba hata hatugombi tena.

Halafu tujiulize hivi vyuo vilianzishwa kwa kazi gani. DIT ilianza 1957 kama taasisi ya ufundi. Arusha 1978, Mbeya 1986. Kazi ilikuwa kuzalisha mafundi, basi. Wahandisi wenyewe wanahubiri uwiano wa mhandisi mmoja, mafundi sanifu watano, mafundi mchundo 25. Sisi tunakimbilia kumwongeza yule mmoja, maana shahada ndiyo inayompa chuo jina na mkuu wake gauni refu. Majirani Kenya walishapita njia hiyo: politekniki za Nairobi na Mombasa zikawa vyuo vikuu vishiriki 2007 na vyuo vikuu kamili 2013, na mjadala wa nani sasa anafundisha mafundi haujaisha kwao.

Mwaka wa pili nilikwenda mafunzo kwa vitendo kwenye kiwanda kimoja. Aliyenifundisha kusoma maikromita ni dogo wa VETA (chuo cha ufundi stadi), mdogo kwangu kwa umri. Alinifundisha kwa heshima, akiniita "injinia", na kila alipolitamka lile neno nilitamani nijifiche chini ya meza. Nikimaliza inatakiwa niende kwenye ule mpango wa ERB (bodi ya usajili wa wahandisi) wa wahandisi wahitimu, SEAP, miaka mitatu chini ya mhandisi mzoefu. Ataanzia wapi na mimi? Atanifundisha nilichopaswa kufundishwa mwaka wa kwanza, kwa muda uliotengwa kunifanya mhandisi.

Ninachodai ni kidogo. Kabla ya mahafali yajayo kila kozi ibandike namba nne: walioingia, waliomaliza kwa muda wao, waliochelewa, walioondoka. Pembeni yake idadi ya mashine zinazofanya kazi, sio zilizosajiliwa kwenye daftari la mali. TCU na NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) wakija kukagua waje siku ya karakana, waingie na kundi, wasimame safu ya tatu.

NYONGEZA: Mdau hapo chini kaandika "uhandisi sio wa kila mtu, wasioweza waondoke". Mkuu, nimekuelewa, lakini fikiria unachosema. Huyu mtu alichaguliwa na chuo hichohicho, kwa vigezo vilivyowekwa na chuo hichohicho, akalipa ada, mkopo ukaandikwa jina lake na atakatwa akipata kazi hata kama ni ya kuuza kava. Kama hawezi, mlimwona anaweza kwa kipimo gani? Na kama anaweza, mlimfanya nini?

NYONGEZA 2: Wanaoniuliza PM (kwa ujumbe wa faragha) ni chuo gani, sijibu. Fanyeni hivi: kila aliyesoma chuo cha ufundi au teknolojia, popote nchini, aandike kozi yake, mwaka aliingia, darasa lilianza na watu wangapi kwa kukumbuka na lilimaliza na wangapi. Majina ya vyuo wekeni wenyewe mkitaka. Mwalimu aliyemo humu na ana orodha halisi, akija kunisahihisha nitafurahi zaidi. Uzi ni wenu.